Mdomo wa Mama Mkwe

Chuo kizima kilimwita Taratibu, na wala si kwa sababu ya uvivu. Ni neno lake. Mwanafunzi akishika sindano ya ganzi kama anayeshika mkuki, "Taratibu." Mgonjwa akiruka kitini kabla hajaguswa, "Taratibu." Hata siku jirani aliporudisha gari nyuma akauangusha uzio, alitoka na taulo kiunoni akipaza sauti, "Taratibu!" na uzio ulikuwa umeshalala chini kitambo. Alikuwa daktari wa meno na mwalimu wa madaktari wa meno, mtu wa makamo mwenye vidole vyembamba na magoti yasiyojua kupita karibu na meza bila kuigonga.

Somo lake lilikuwa huduma ya kinywa kwa wazee, na tusidanganyane, somo hilo halina wapenzi. Vijana wanaosomea meno wanaota kuyang'arisha meno ya watu wanaopigwa picha. Nani anaota fizi tupu, na mwenye fizi anayekusimulia jinsi kila jino lilivyoondoka na nani alikuwepo? Kwa hiyo viti vya kliniki vilipokuwa vichache kuliko wanafunzi, chuo kilijua pa kupunguza. Masomo mengine yakabaki na viti, somo la wazee likapelekwa mtandaoni.

"Kinywa hakifundishwi kwa waya," Taratibu alimlalamikia mkuu wa idara.

"Siku hizi hata waya hakuna," mkuu wa idara akamjibu, akaendelea na chai yake.

Basi akahamia nyumbani, kwenye kile kichumba walichokuwa wakipigia pasi. Meza ya pasi ikawa dawati. Kompyuta aliiweka juu ya sufuria iliyofunikwa kifudifudi, maana wiki ya kwanza ilikaa chini na wanafunzi walimaliza somo zima wakitazama matundu ya pua yake. Upande wa kulia alikuwa na taya la plastiki lenye meno ya kuchomoa, upande wa kushoto mashati yasiyopigwa pasi. Mkewe, fundi cherehani, alishonea wateja chumba cha mbele, na mashine yake ilipokaza mwendo wanafunzi waliuliza kama kwa mwalimu kunanyesha.

Alilalamika, lakini alilifundisha somo lile kwa roho moja. Zoezi la kwanza lilikuwa kila mmoja amtafute mzee wa nyumbani kwao, amtazame kinywa mbele ya kamera. Kijana mmoja mwenye sauti ya mnadani akamsimamia babu yake na kumwambia, "Babu, toa meno!"

Babu aliyashika mashavu. "Niyatoe? Yamekukosea nini?" Akatoka mbio asizokuwa nazo, akajifungia bafuni, na darasa zima likamsikia akimlalamikia mkewe kupitia mlango kwamba mtoto ameenda shule kusomea kung'oa watu.

Taratibu alicheka mpaka akalazimika kuzima kamera. Alipoiwasha alikuwa na somo. "Wewe ukisema toa, una maana avue yale ya bandia. Yeye amesikia koleo. Mwambie hivi: Babu, naomba nikushikie meno yako. Kama unavyompokea mzee mzigo. Hapo hakuna atakayekimbilia bafuni."

Wanafunzi wakaliandika. Hata babu alitoka bafuni.

Ndivyo alivyokuwa, ana neno la kila mzee. Ila kinywa kimoja tu kilimshinda, nacho kilikuwa ndani ya nyumba yake, ng'ambo ya ukuta mwembamba wa mbao uliotenga kichumba chake na chumba cha wageni.

Mama mkwe alikuja kukaa nao kwa muda. Mwanawe wa kiume aliyekuwa akiishi naye alihamishwa kikazi, na mama angemfuata mwisho wa mwezi, mwanawe akishapata nyumba huko. Alikuwa mama mrefu, mkavu, aliyekuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Kwa miaka mingi alisema "Simameni!" na watu wakasimama, wakubwa kwa wadogo, na sauti ile hakuiacha ofisini. Taratibu alimheshimu kiasi cha kumkimbia. Siku alipokwenda kuposa alimmwagia soda mapajani, na tangu siku hiyo mguu wake haukutulia mbele ya mama yule. Mama akiingia sebuleni, Taratibu alikumbuka kitu alichosahau nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama, mama."

Baada ya hapo kila mtu na njia yake. Wenyewe waliona wanaelewana sana.

Mwanzoni mama alikula vizuri. Kisha sahani zikaanza kurudi jikoni na nusu ya kilichokwenda. Mkate ukawa haumezeki bila kulowekwa kwenye chai. Nyama akampa paka, na paka akaacha kabisa kazi ya panya. Taratibu aliyaona hayo kwa pembe ya jicho, kama mkwe mwenye adabu. Lakini asubuhi moja alimsikia ukutani akizungumza na mwanawe kwenye simu, na "sasa" yake ikatoka "thatha". Mikono ya Taratibu ikasimama juu ya taya la plastiki. Mtu anayeulaza ulimi upande mmoja anaukwepesha kitu kinachouma.

Na wiki hiyohiyo alikuwa amefundisha jambo lenyewe. Kidonda cha ulimi kwa mtu mzima, kikipita wiki mbili bila kupona, lazima kitazamwe, maana kinaweza kuwa saratani. Ikiwahiwa inatibika. Ikichelewa, alisema, na hapo akanywa maji, akaruka kwenda sehemu nyingine ya somo. Wanafunzi walidhani mtandao umekatika. Hawakujua kwamba mwalimu wao aliwahi kumpokea mgonjwa aliyechelewa.

Alimfuata mkewe kwenye cherehani. "Mama ana kitu mdomoni. Umtazame."

"Unafikiri sijajaribu? Amenijibu kwamba amenizaa bila kunifungulia mdomo na hataanza leo."

"Basi mpeleke kwa daktari mwingine. Nitampigia mwenzangu mmoja, mtu mzuri."

"Nimemwambia." Mkewe akakata uzi kwa meno, jambo ambalo Taratibu hakuwahi kulizoea. "Anasema daktari yumo ndani ya nyumba, yeye akapange foleni kwa watu baki? Watu watasema mkwe wake amemkataa. Hawezi kukuvunjia heshima."

"Basi anionyeshe mimi."

"Wewe? Mkwe wake? Aachame mbele yako, achomoe na meno?" Mkewe alimtazama kama mtu aliyekuja kushonewa suruali ya mikono mitatu. "Hawezi kujivunjia heshima na yeye."

Hapo ndipo walipofika, na hapakuwa na pa kupitia. Kwa daktari mwingine haendi kwa sababu mkwe wake ni daktari, na kwa mkwe wake hafungui kwa sababu daktari ni mkwe wake. Heshima tupu, kila upande, na katikati ya heshima hiyo kidonda kinakaa kinakula raha. Mwisho wa mwezi mama angepanda gari kwenda kwa mwanawe, na huko nani angeisikia ile "thatha"?

"Si umwambie mwenyewe?" mkewe akasema, sasa kwa upole. "Ni mama yako pia."

Taratibu alijaribu. Jioni ile alimkuta mama sebuleni, akapiga moyo konde, akakaa. Akasafisha koo. Mama akamtazama. Akasafisha tena.

"Una mafua, baba?"

"Hapana, mama. Nilikuwa... hali ya hewa imebadilika."

"Imebadilika," mama akakubali.

Na mtu huyo, jamani, alikuwa akiwafundisha watoto wa watu namna ya kuzungumza na wazee.

Siku ya darasa lililofuata, walikuwa kwenye meno ya bandia na namna ya kuyasafisha. Kamera nyingi zilikuwa zimezimwa kama kawaida, kukiwa na miraba myeusi na majina tu, na humo ndani wengine walikuwa wamelala fofofo. Taratibu alikuwa anapiga mswaki taya la plastiki pale mshiriki mpya alipochomoza na kunyoosha mkono. Jina lake kwenye kioo lilisomeka "Cherehani". Ilikuwa simu ya mkewe.

Akadhani ni chakula. "Samahani darasa, ni mambo ya nyumbani," akasema, akamfungulia sauti. "Naam, mama watoto?"

"Mwalimu," ikajibu sauti, "mimi ni mwanafunzi mgeni. Nina swali."

Aliisikia mara mbili. Kwanza ukutani, kisha kwenye kompyuta, ikichelewa kidogo, maneno yaleyale. Ilikuwa sauti ya "Simameni!"

"Uliza... uliza, mama."

"Mtu ana kidonda pembeni mwa ulimi. Amesukutua maji ya chumvi, hakisikii. Ni kitu gani hicho?"

"Kina muda gani, mama?"

"Kilianza muda mfupi baada ya kuhamia hapa kwa mkwe wangu. Mkwe mzuri sana, simsemi. Ila hana mdomo. Amekaa na mimi sebuleni juzi, ameniambia hali ya hewa."

Mashine ya chumba cha mbele ilikuwa imenyamaza kimya kabisa. Mkewe alikuwa anasikiliza, na Taratibu alijua sasa nani aliyemwazima mama simu na kumbonyezea palipostahili.

Wanafunzi, ambao hawakujua wamo ukweni kwa mwalimu wao, wakaamka. Huyu aliuliza kama kinatoa damu, yule kama kinauma usiku. Yule kijana wa sauti ya mnadani akasema, kwa upole ambao hakuna aliyejua anao, "Bibi, tunaomba utuonyeshe, kama hutajali. Tupo wanafunzi tu hapa."

"Wanafunzi tu," mama akarudia, kama anayepima uzito wa neno. "Haya. Mbele ya wanafunzi sina neno."

Likaonekana sikio. Kisha dari. Kisha kitanda na kona ya mto, halafu kidole gumba kikubwa kikaziba kila kitu, na ukutani mkewe akasikika akinong'ona, "Geuza, mama, geuza." Na ghafla, kioo kizima, kinywa. Taratibu aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kompyuta. Akaona ulimi, akaona bamba dogo la meno ya bandia lenye vikulabu vya waya, akaona pembeni doa jeupe lenye wekundu kulizunguka. Akasema, "Geuza kidogo kushoto, mama, taratibu," na picha ikaganda.

Ikaganda imechanganyika, madoadoa matupu. Sauti ilikuwapo, picha haikusogea.

"Mwalimu," mwanafunzi mmoja akauliza, "tutajuaje kama ni mbaya?"

Jibu alilijua, ni yeye aliyeliandika kwenye somo. Macho hayatoshi. Unakishika kwa kidole. Kingo zikiwa laini una matumaini, zikiwa ngumu kama gegedu la sikio huna muda. Kidole hakipiti kwenye mtandao, hata uwe na kasi gani. Aliutazama ule ukuta wa mbao. Alikuwa ameulalamikia mtandao muhula mzima, na mtandao huohuo ndio uliomfikisha mama mpaka hapo. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya miguu.

"Subirini," akawaambia. Akachukua glavu na tochi, akaigonga meza ya pasi, taya la plastiki likaanguka, akatoka.

Mkewe alikuwa mlangoni mwa chumba cha wageni. Alimpisha, akarudi mbele. Taratibu akabisha hodi.

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Mimi nani?"

Alisimama pale na glavu mkononi, mtu mzima na shahada zake. Angejibu mkwe wako, na mlango ungebaki umefungwa. Na si kwamba mama alikuwa hamjui. Alikuwa anamwita kizimbani, na mbele ya sauti ile hata mtu asiye na mdomo huupata.

"Daktari, mama. Mkwe wako nimemwacha mezani."

Kiti kikasikika kikisogezwa.

"Daktari aingie," mama akasema.

Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, amejiweka sawa, mikono mapajani. Simu iliegemea mto. "Nimekaa mahakamani muda mrefu," alisema, bila kumwangalia sana. "Hakimu mmoja alikuwa ndugu yangu wa damu. Akishapanda kwenye kile kiti, si ndugu yangu. Akishuka, tunarudi nyumbani pamoja tunacheka. Fanya kazi yako, daktari."

Taratibu alipiga goti. Mama akalivua lile bamba mwenyewe, akaliweka kwenye kitambaa, akafungua kinywa. Mikono yake ilitulia. Ilikuwa kazini. Akauvuta ulimi kwa kitambaa safi, akamulika, akakigusa kidonda kwa ncha ya kidole, akakizunguka chote. Laini. Akazunguka tena kwa sababu alitaka sana kiwe laini na hakujiamini. Laini.

Kisha akaligeuza lile bamba kwenye mwanga. Kikulabu kimoja kilikuwa kimepindwa ndani, kikali kama ndoana.

"Nani amekipinda hiki, mama?"

"Lilikuwa linacheza. Nikalikaza kwa mkasi wa mwanangu."

"Mkasi wa kitambaa?"

"Wa kitambaa. Usimwambie."

"Nimesikia, mama!" mkewe akaita kutoka mbele.

Taratibu hakucheka. Alikaa chini, sakafuni, ili macho yao yawe sawa. "Mama, nadhani ni waya huu unaokukata kila unapotafuna. Nitaurekebisha. Utakaa bila meno haya wiki mbili. Kidonda kikipona, tumemaliza. Kisipopona, tutachukua kipande kidogo kipimwe."

"Useme lenyewe, daktari."

"Inaweza kuwa saratani. Sidhani. Lakini kidole changu si kipimo."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole. "Nimesikia watu wakisomewa makubwa kuliko hayo, wamesimama. Mimi nimekaa. Wiki mbili."

"Mwalimu..." ikatoka sauti kwenye simu. "Samahani. Bado tunawasikia."

Taratibu akaigeukia simu. Ile miraba myeusi ilikuwa imefunguka mmoja baada ya mwingine. Nyuso zilijaa kwenye kioo kidogo, hakuna aliyelala, na msichana mmoja alikuwa anafuta macho kwa mkono wa sweta.

"Waache wasikie," mama akasema. "Si ndiyo shule?"

Zilikuwa wiki mbili mbaya. Taratibu aliunguza mashati. Alifundisha somo moja mara mbili na wanafunzi, kwa huruma, wakaandika tena. Kila akisikia kijiko cha mama kikigonga bakuli ukutani, alisikiliza kama kinaendelea au kimesimama. Alijua sasa kwamba anaogopa, na si ile hofu ya soda. Alimpenda mama yule. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu anaweza kumkimbia mtu miaka yote hiyo na bado akampenda, naye hakuwa na wa kumwambia, maana mkewe alikuwa na hofu yake mwenyewe, aliyoizamisha kwenye cherehani. Yule mwana wa kiume alikuja kumchukua mama, gari likiwa limeshakodiwa. Mama akamrudisha. "Hukumu yangu haijasomwa," alimwambia. "Nenda, nitakuita."

Siku ilipofika, Taratibu hakuwasha kompyuta. Alinawa mikono mpaka ngozi ikakunjamana, akabisha, akajibu "Daktari" kabla hajaulizwa. Mama alikuwa kwenye kiti kilekile, ameshafungua kinywa. Tochi ilipita pembeni mwa ulimi, ikarudi, ikapita tena. Pale palipokuwa na doa palikuwa na ngozi changa, ya waridi, safi. Akapashika. Akapatafuta kwa kidole na hakupapata.

"Kimepona, mama."

"Kimepona kabisa, au unanipoza?"

"Kimepona kabisa. Hakuna kitu."

Mama akafunga kinywa. Akatazama dirishani muda mrefu kidogo, midomo ikimchezacheza. Kisha akanyoosha mgongo kwa kile kimo chake chote cha mahakama.

"Ahsante, daktari. Umefanya kazi nzuri. Sasa nenda, na ukitoka niitie mkwe wangu."

"Mkwe wako, mama?"

"Nataka kulia kidogo," mama akasema, "na mbele ya watu baki naona haya."

Taratibu akatoka, akafunga mlango nyuma yake. Akavua glavu pale ujiani, akajifuta macho kwa kiwiko, akabisha hodi.